Pasaka nyumbani na watoto wadogo: maswali yenu kuhusu kazi za mikono

Barua za Pasaka zimekuja nyingi, na nyingi zinauliza mambo yaleyale: mbegu zilizooza, misalaba iliyopasuka, mtoto aliyeogopa. Tumechukua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Kila tunapotaja kikombe, ni cha mililita 250. Kijiko cha chakula ni mililita 15.

Kazi ngapi zinatosha?

*Nina watoto wawili, mmoja ana miaka mitatu na mwingine mitano. Kila mwaka napanga kazi kumi na zaidi za Wiki Takatifu, na ikifika Alhamisi Kuu tumechoka wote na meza imejaa vipande vya karatasi. Nipunguze hadi ngapi? – Mama wa wawili*

Mama, tatu zinatosha. Moja ya Jumapili ya Matawi, moja ya Ijumaa Kuu, na ya tatu iwe kitu ambacho watoto watakifungua wenyewe asubuhi ya Pasaka.

Kipimo chetu cha kuchagua ni hiki: je, mkono wa mtoto unatenda jambo lililotendeka katika habari yenyewe? Kupaka rangi picha ya jiwe ni zoezi la kupaka rangi tu. Angepewa picha ya gari angefurahi vilevile. Lakini kulisukuma jiwe likaviringika, akachungulia ndani akakuta sanda bila mtu, hapo ameshika habari yote ya Pasaka. Kupunga tawi, kubeba manukato, kuviringisha jiwe: hayo ndiyo ya kuyatafuta. Kazi isiyo na tendo la namna hiyo iacheni, hata kama inapendeza machoni.

Mtoto wa miaka mitatu hutulia kwenye kazi moja kama dakika kumi, wa mitano labda ishirini. Kwa hiyo ukataji wote mrefu ufanywe na mtu mzima usiku uliotangulia.

Kwa Jumapili ya Matawi, chukua karatasi ya kijani ya A4 na uikunje katikati kwa urefu. Chora nusu ya jani, upande wake ulionyooka ukiwa kwenye mkunjo, kisha kata. Bila kuikunjua, chanja ukingo wa nje kila baada ya sentimita moja, mkasi ukielekea ndani na chini upande wa shina, na ukomee sentimita moja kabla ya mkunjo. Ukikunjua, utapata jani la mtende ambalo vidole vyake vinatazama juu. Mikato ikifika kwenye mkunjo, jani litachanika vipande viwili mtoto akianza kupunga. Jani likilegea, bandika kijiti nyuma yake toka shina hadi karibu na ncha. Kijiti kifupi hakisaidii kitu, maana jani hukunjika pale kinapoishia. Wa miaka mitano aweza kuchanja mwenyewe kwa mkasi usio na ncha, kwa sababu kila mkato ni pigo moja tu. Mdogo wake apewe kazi ya kubandika kijiti.

Bustani ya kaburi: mbegu zimeoza

*Mwaka jana tulitengeneza bustani yenye kaburi kwenye sinia. Nusu ya mbegu zilioza, nusu zikaota Pasaka imeshapita. Tulikosea wapi? – Mama wa pacha*

Karibu kila anayeshindwa na bustani hii ameshindwa kwa mambo mawili: maji mengi na kuanza kwa kuchelewa. Nayo ndiyo kazi tunayoipenda kuliko zote, kwa hiyo tutaieleza kwa kirefu.

Tumieni ngano nzima isiyokobolewa. Huota haraka, majani yake ni mazuri, na ni mbegu ambayo Yesu mwenyewe aliitumia kusema habari za kifo chake: punje ya ngano isipoanguka katika nchi ikafa, hukaa peke yake. Yohana ameyaweka maneno hayo katika sura ya 12, muda mfupi baada ya habari ya matawi, na itafaa watoto wazilaze mbegu udongoni siku hiyohiyo ya Matawi. Tafuteni ngano ya kuliwa. Mbegu za kupanda zilizopakwa rangi ya waridi, nyekundu au kijani zimetiwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Zisiguswe na mtoto hata kidogo.

Sinia la upana wa sentimita 30 linahitaji nusu kikombe cha ngano. Iloweke Ijumaa inayotangulia Jumapili ya Matawi, jioni, usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yote, ifunike kwa kitambaa kibichi, na uisuuze asubuhi na jioni. Kufikia Jumapili utaona ncha nyeupe zikichomoza. Hapo watoto waitandaze juu ya udongo ulioloweshwa, kina cha sentimita tatu, kisha waikandamize kwa viganja. Mbegu zikae safu moja tu, zikigusana lakini zisipandane. Funika kwa gazeti bichi siku mbili, halafu weka sinia penye mwanga. Kufikia Pasaka majani yatakuwa na urefu wa sentimita nane au zaidi. Nyumba yenye baridi huchelewesha, kwa hiyo anza siku tatu au nne mapema zaidi.

Sasa, kuoza. Sinia lisilo na matundu hukusanya maji chini, na mizizi iliyozama hukosa hewa. Tandaza kokoto kina cha sentimita moja kabla ya udongo, na nyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia badala ya kumimina kwa kikombe. Ukibonyeza udongo kwa kidole na maji yakajaa kwenye shimo, usinyweshe siku hiyo. Na kabla ya kutupa mbegu ukidhani zimeota ukungu, tazama kwa karibu: manyoya meupe mafupi yanayozunguka mzizi wenyewe ni vinyweleo vyake, ukivipulizia maji vinalala na kutoonekana. Ukungu una rangi ya kijivu, hutanda kama utando toka mbegu moja hadi nyingine, na hunuka. Ukiuona, ng'oa sehemu hiyo pamoja na udongo wake, acha iliyobaki ipate hewa.

Kaburi liwe chungu kidogo cha udongo kilicholazwa ubavu, mdomo wake sentimita saba au nane, nusu yake imefukiwa na juu yake pamerundikwa udongo. Kikombe cha karatasi hulowa na kubonyea kabla ya Ijumaa. Jiwe liwe bapa, la mviringo, pana kuliko mdomo wa chungu. Hapa wengi hulalamika kwamba jiwe linaanguka. Mbele ya mdomo chimba mfereji mfupi kwa mpini wa kijiko, kina cha sentimita moja, jiwe lisimame humo. Litasimama wima na litaviringika kulia na kushoto bila kuanguka. Makaburi yaliyofungwa kwa jiwe la kuviringisha yalikuwa na mfereji kama huo, uliochongwa mwambani.

Misalaba mitatu ya vijiti isifungwe kwa gundi peke yake. Vijiti vya mviringo hugusana mahali padogo mno, gundi haipati pa kushika. Zungusha uzi kwa mshazari mara tatu kila upande, kaza, ndipo utie tone la gundi juu ya fundo. Vijiti vya sentimita 12 na 6 vinatosha, na sentimita tatu za chini ziingie udongoni.

Ndani ya kaburi weka kitambaa cheupe tu, upana wa sentimita tatu na urefu kumi na tano. Jioni ya Ijumaa watoto wakizungushe kwenye kijiti, wakilaze ndani, wafunge jiwe. Usiku wa Jumamosi, wakishalala, toa kijiti, acha kitambaa ndani, sogeza jiwe kando. Ile leso ya kichwani, asema Yohana, ilikutwa imezongwa mbali na vitambaa vingine. Ukipenda, kata kipande cha pili kidogo ukizonge na kukiweka peke yake. Watoto wa miaka mitano hukigundua mara moja na kuuliza.

Siku ya Jumamosi yenyewe msiwape kazi yoyote ya Pasaka. Jiwe limefungwa, wanalitazama, wanangoja.

Binti anaogopa msalaba

*Binti yangu wa miaka minne aliona picha ya Yesu msalabani akalia sana. Sasa hataki hata msalaba wa karatasi. Mke wangu anaona turuke Ijumaa Kuu mpaka akue. Mimi naona tukiiruka, Pasaka inabaki sherehe ya nguo mpya. Tufanyeje? – Baba wa binti mmoja*

Baba, msiiruke, ila mama yake ana haki ya kumkinga mtoto na picha ile. Kilichomwogopesha ni damu na maumivu yaliyochorwa, vitu ambavyo mtoto wa miaka minne hawezi kuvitoa akilini. Msalaba mtupu wa kadibodi, bila mwili na bila misumari, unatosha kwa umri wake.

Msimulie kwa sentensi nne, na uziseme zote nne kila mara, bila kukatisha: Yesu aliwapenda watu wote. Watu waliomchukia walimuua msalabani. Rafiki zake walilia, wakamweka kaburini. Siku ya tatu Mungu alimfufua, na sasa yu hai. Kosa linalofanyika nyumba nyingi ni kuishia sentensi ya pili siku ya Ijumaa na kuiacha ya nne mpaka Jumapili. Sisi watu wazima tunajua mwisho, tunaweza kungoja. Mtoto wa miaka minne anayeachwa hapo atalala na kifo siku mbili. Kusubiri kwa lile jiwe la bustani kunamfaa, kwa sababu mwisho anaujua na anautamani.

Tumia neno "alikufa". Ukisema "alilala", kuna watoto wataogopa kulala, au wataogopa mama akilala mchana. Jiandaeni pia kwa swali jingine. Watoto wa umri huu bado hawajaelewa kwamba aliyekufa harudi, kwa hiyo wakisikia Yesu alifufuka siku ya tatu huona ni jambo la kawaida, na kama kuna msiba katika ukoo atauliza: "Na babu atafufuka kesho?" Msilikwepe. Mwambie: "Babu amekufa, kwa sasa hatumwoni. Yesu ameahidi kuwafufua watu wake, na babu naye, lakini siku hiyo hatuijui." Halafu nyamaza, msubiri aulize tena kama anataka. Mara nyingi atarudi kwenye mchezo wake, na swali litafuata wiki nyingine.

Kazi ya mikono tunayompendekezea yeye Ijumaa Kuu ni manukato. Luka anasimulia kwamba wanawake waliomfuata Yesu walitayarisha manukato na marhamu, wakastarehe siku ya sabato, na alfajiri ya siku ya kwanza wakaenda kaburini. Marko anawataja watatu: Maria Magdalene, Maria mama yake Yakobo, na Salome. Mtoto mwenye huzuni anapewa jambo jema la kumfanyia Yesu, badala ya kuambiwa atazame tu. Kata vitambaa vitatu vya sentimita 12 kwa 12. Katikati ya kila kimoja aweke kijiko kimoja cha chakula cha viungo vizima vyenye harufu tamu, kama mdalasini uliovunjwavunjwa. Kusanya pembe nne, funga kwa uzi mara mbili, kaza fundo. Viungo vya unga havifai, hupenya kitambaani na mkono ukienda jichoni huwasha. Jumapili asubuhi abebe vifurushi vyake hadi kwenye bustani, akute jiwe limeondolewa. Manukato hayahitajiki tena! Mwacheni aliseme mwenyewe.

Msalaba nao utarudi polepole. Ijumaa, wewe baba kata msalaba wa kadibodi ya kahawia, sentimita 30 kwa 20, uubandike ukutani bila pambo lolote. Asilazimishwe kuugusa. Asubuhi ya Pasaka ukunjie karatasi laini za rangi ziwe maua, mweke gundi karibu, aujaze msalaba maua hadi kahawia isionekane. Hata mtoto aliyekataa Ijumaa, kazi hii ya Jumapili huifanya kwa furaha.

Misalaba ya unga na chumvi imepasuka

*Nafundisha shule ya Jumapili, watoto zaidi ya ishirini. Tulifanya misalaba ya unga na chumvi, mingi ikapasuka, mingine ikavimba, na iliyobaki ikalainika baada ya mwezi. – Mwalimu*

Mwalimu, hayo ni makosa matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Anza na vipimo: vikombe viwili vya unga wa ngano mweupe, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji ya uvuguvugu robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Maji yamiminwe kidogokidogo. Kinyunya kikianza kushika vidole umeshazidisha, ongeza unga. Kanda dakika nane hadi kumi, mpaka ukikibonyeza kiwe laini bila nyufa. Nyufa unazoziona mkononi ndizo zitakazofunguka zaidi kikikauka. Kiasi hiki kinatoa misalaba 25 ya urefu wa sentimita saba.

Iliyovimba, mara nyingi ni unga uliochanganywa hamira ya unga kiwandani, au oveni kali. Oveni iwe nyuzi 100 za Selsiasi, si zaidi ya 120, kwa saa mbili hadi tatu, ukigeuza katikati; kisha izime na uache misalaba ipoe humohumo. Iliyopasuka imekaushwa juani au imekuwa minene. Jua kali hukausha ngozi ya juu, ikajivuta wakati ndani bado ni mbichi, na hapo ndipo inapochanika. Asiye na oveni aiweke kivulini penye upepo siku tatu au nne, juu ya waya au kitambaa, akigeuza asubuhi na jioni. Unene uwe milimita sita au saba, na njia rahisi ni kulaza penseli mbili pande zote za kinyunya na kupitisha mti wa kusukumia chapati juu yake: mti hauwezi kushuka chini ya penseli, kwa hiyo kila mtoto anapata unene uleule.

Tundu la uzi litobolewe kwa mrija kabla ya kukausha, sentimita moja toka ukingoni. Likiwa dogo kama la sindano litajifunga.

Kulainika ni kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewani. Paka rangi baada ya msalaba kukauka kabisa, ukiugonga mezani utoe mlio mkavu, kisha vanishi pande zote mbili na ndani ya tundu. Upande mmoja ukiachwa wazi, unyevu utaingia kwa upande huo.

Tahadhari moja, mwalimu, na uwaambie wasaidizi wako wote. Kinyunya hiki kina chumvi nyingi mno, na kumeza kiasi kikubwa ni hatari kwa mtoto mdogo, hata kwa mbwa wa nyumbani. Ladha huwafukuza wengi, lakini wale ambao bado kila kitu huenda mdomoni wape kinyunya cha unga na maji matupu, cha siku hiyohiyo.

Mayai yana nafasi katika Pasaka ya Kikristo?

*Wajukuu wangu wanapenda kupaka mayai rangi. Kanisani wengine wanasema hayo si mambo yetu. Ninyi mnasemaje, na rangi salama ni ipi? – Bibi wa sita*

Shikamoo, bibi. Zamani Wakristo waliofunga Kwaresima hawakula mayai, kuku wakaendelea kutaga, na Pasaka ikafika na mayai tele ya kusherehekea. Waorthodoksi hadi leo huyapaka rangi nyekundu kwa ajili ya damu ya Kristo, ganda gumu lililofungwa ni kaburi, na wanapoyagonganisha husalimiana, "Kristo amefufuka!" na kujibu, "Kweli amefufuka!" Tunaona mayai yanafaa sana ikiwa watoto wanaambiwa hayo huku wakiyapaka. Yakibaki pambo tu, basi wanaowalaumu wana hoja.

Rangi salama ni ya maganda makavu ya vitunguu. Chemsha maganda ya vitunguu kumi katika vikombe vinne vya maji kwa nusu saa, chuja, tia vijiko viwili vya chakula vya siki, acha ipoe. Osha mayai sita kwa sabuni na uyasuuze, kwa kuwa mafuta ya vidole huacha mabaka. Yaweke ndani ya rangi ikiwa imepoa, kisha injika motoni. Yai baridi likitiwa kwenye maji yanayotokota hupasuka. Yakichemka, punguza moto, hesabu dakika 12. Siki hula ganda kidogo tu ili rangi ishike, na ukizidisha, ganda hutoa povu na rangi hubanduka. Utapata rangi ya chungwa iliyoiva hadi nyekundu ya udongo. Wajukuu wakitaka picha, kabla ya kuchemsha wabandike jani dogo bichi kwenye yai na wewe ulifunge ndani ya kipande cha soksi nyembamba ya kike, uikaze.

Yai la kuliwa lisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na liliwe ndani ya wiki moja. Lililopasuka likakaa nje siku nzima ya mchezo litupwe.

Mshumaa

*Kanisani tunawasha mshumaa mkubwa wa Pasaka. Naweza kutengeneza wa nyumbani na mtoto wa miaka sita? – Mama mlezi*

Ndiyo. Nunua mshumaa mnene, upana wa sentimita saba, ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni uache ukauke. Alama ni zilezile za kanisani: msalaba katikati, Alfa juu yake, Omega chini yake, na tarakimu nne za mwaka kwenye pembe nne za msalaba. Rangi ya akriliki huteleza juu ya nta na kukusanyika matone. Tia tone moja la sabuni ya vyombo katika kijiko cha rangi, itashika. Sentimita tano za juu ziachwe bila rangi, na mshumaa uzimwe kabla moto haujafika kwenye picha. Msizungushie karatasi, utepe wala majani. Mshumaa unapoyeyuka pembeni, pambo huwa utambi wa pili. Mwali uwe mikononi mwa mtu mzima muda wote.

Chumba kimoja, bajeti ndogo

*Tunaishi chumba kimoja na sina pesa za vifaa. Kuna kazi ya karatasi na kreyoni tu? – Mama wa mmoja*

Ipo, nayo inapendeza kuliko nyingi za gharama. Kwenye karatasi nyeupe chora msalaba mkubwa, ugawe kwa mistari minene myeusi uwe na vyumba kama kioo cha kanisa, acha ukingo wa sentimita moja kuzunguka. Mtoto ajaze rangi akikandamiza kreyoni. Geuza karatasi, chovya pamba kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia, isugue nyuma ya msalaba mpaka karatasi iwe kama inaona. Mafuta hujaza nafasi za hewa kati ya nyuzi za karatasi, ndiyo maana mwanga unapita. Baada ya nusu saa kausha kwa gazeti, bandika dirishani. Ule ukingo ubaki mkavu, kwa sababu utepe wa gundi haushiki penye mafuta.

Ukihitaji gundi, koroga vijiko vinne vya chakula vya unga wa ngano katika robo kikombe ya maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga, dakika mbili. Unga mkavu ukitiwa moja kwa moja kwenye maji ya moto huwa madonge tu. Ipoe kabla mtoto hajaigusa. Paka safu nyembamba, karatasi isijikunje. Kwenye friji hukaa siku tatu au nne. Bila friji, itumike siku hiyohiyo.

Vitu vidogo na mtoto anayetambaa

*Mkubwa ana miaka mitano, mdogo miezi kumi na minne. Nitajuaje kipi ni hatari? – Baba wa wavulana*

Chukua lile bomba la kadibodi linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitatu: kokoto, mbegu, shanga, vipande vya mdalasini. Hivyo vyote vikae juu ya meza, navyo vihesabiwe kabla na baada ya kazi. Jiwe la kaburi nalo lichague lisilopita.

Baada ya Pasaka

*Vitu vyote hivi nivitupe lini? – Mama wa wanne*

Pasaka ya kanisa huendelea siku 50 hadi Pentekoste, kwa hiyo hakuna haja ya kuondoa chochote Jumatatu asubuhi. Ngano itaanza kuwa ya njano wiki ya pili. Ikate kwa mkasi ibaki sentimita tatu, itachipua mara nyingine moja, ingawa dhaifu zaidi, kisha itupe pamoja na udongo wake. Chungu, jiwe na sanda vioshwe, vikauke kabisa, viwekwe mahali pamoja kwa mwaka ujao. Watoto hupenda kulikuta jiwe lilelile.

Misalaba ya unga ihifadhiwe ndani ya kopo la bati lenye mfuniko unaobana, kila mmoja umefungwa kwa karatasi, kwa sababu unga huvutia mende na panya hata ukiwa na chumvi. Jina la mtoto na mwaka viandikwe nyuma kwa ncha ya kijiti kinyunya kikiwa kibichi. Wino wa kalamu ukiandikwa baadaye husambaa unyevu unapoingia, na kufikia Pasaka inayofuata hausomeki.